Ufugaji wa Wanyama: Spanieli wa Sussex, Mbwa Asiyenyamaza Kazini

Jina la spanieli hutajwa kwa wepesi kana kwamba ni mbwa wa namna moja tu. Kwa kweli ni jina la jamaa kubwa ya mbwa wa kusaka ndege, wenye masikio marefu yaliyoning'inia na manyoya laini, na katika jamaa hiyo wamo wengi wasiofanana kwa kimo, kwa rangi wala kwa tabia. Aliyeenea sana ni cocker, mbwa mdogo mchangamfu ambaye hata katika Kenya si mgeni. Springer naye anajulikana sana na wasasi wa bunduki. Lakini yuko mmoja ambaye hata huko kwao Uingereza mtu aweza kuishi miaka sabini asimkute njiani, naye ni spanieli wa Sussex.

Chama cha Kennel Club, kilichoanzishwa London mwaka wa 1873 na ambacho hutunza daftari la nasaba za mbwa katika Uingereza, kina orodha ya mbegu za asili zilizo hatarini kutoweka. Mbegu huingizwa katika orodha hiyo ikiwa watoto wake wanaoandikwa daftarini kwa mwaka hawafiki 300. Spanieli wa Sussex wako mbali na kiasi hicho, kwani katika miaka mingi ya karne hii hawakufika hata 100. Labrador, mbwa apendwaye na wengi, huandikwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Basi mtu akimwona mbwa wa Sussex amelala barazani kwa mwenyewe, na ajue kwamba amemwona mnyama aliye adimu kuliko wanyama wengi wa porini wanaolindwa kwa sheria.

Mtu aweza kuuliza mbwa ana thamani gani hata watu wahangaike kumhifadhi. Swali hilo si la kudharauliwa, na jibu lake limo katika habari za mbwa mwenyewe.

CHANZO CHAKE

Sussex ni jimbo la kusini-mashariki ya Uingereza, lenye pwani upande wa kusini. Ndani kidogo kutoka pwani ardhi yake ni ya udongo wa mfinyanzi, mzito, unaonata miguuni wakati wa mvua kama udongo mweusi wa mabondeni. Mashamba ya kale yalizungukwa na ua wa miti ya miiba, na baina ya mashamba palikuwa na misitu midogo iliyosongamana sana chini. Ndege wa kuwindwa walijificha humo, na mbwa mwenye miguu mirefu hakuweza kupenya bila kukwama.

Katika kijiji cha Brightling, jimboni humo, palikuwa na shamba kubwa liitwalo Rosehill, mali ya jamaa ya Fuller. Mwenye kusifiwa kwa kuitengeneza mbegu hii ni Bwana Augustus Elliot Fuller, aliyefariki mwaka wa 1857 na ambaye aliwahi kuwa mjumbe wa Bunge kwa ajili ya Sussex ya Mashariki. Kwa muda wa miaka mingi alichagua mbwa waliofaa kwa ardhi ile: wafupi wa miguu, wazito wa mifupa, wenye kifua kipana cha kusukuma kichaka, na manyoya mazito ya kuzuia miiba. Leo mbwa huyo ana kimo cha inchi 13 hadi 16 begani na uzito wa ratli 35 hadi 50, kwa hiyo ni mrefu wa mwili kuliko kimo chake, na mwendo wake ni wa kuyumbayumba kama baharia aliyeshuka pwani baada ya safari ndefu.

Rangi yake haipatikani kwa spanieli mwingine. Ni rangi ya maini yenye kung'aa, na ncha za nywele ni za dhahabu, hata akisimama juani huonekana kama amepakwa mafuta. Kanuni za maonyesho zinasema wazi kwamba dhahabu iwe ndiyo inayoshinda, na kwamba mbwa mwenye rangi ya maini iliyoiva sana hatakiwi.

Bwana Fuller alipofariki, mbwa wake walitawanyika. Mlinzi wake mkuu wa ndege na wanyama wa shamba, aitwaye Relf, alibaki na wachache, na kutokana na hao mbegu ya Rosehill iliendelea. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1862, mbwa wa Sussex walionyeshwa katika maonyesho ya Crystal Palace, London. Katika Marekani nako walikuwa miongoni mwa mbegu za kwanza kabisa kuandikwa katika daftari, mwaka wa 1884. Kwa hiyo uchache wao hautokani na ugeni, maana waliandikwa mapema kuliko mbwa wengi ambao leo wamejaa kila mtaa.

SAUTI YAKE

Spanieli hufundishwa kufanya kazi kimya, ili ndege wasishtuke kabla msasi hajawa tayari. Mbwa wa Sussex ni tofauti. Apatapo harufu ya mnyama au ndege hutoa sauti, tena hutoa sauti mfululizo, akiendelea kusonga mbele ndani ya kichaka. Mtu asiyemjua hudhani ni mbwa aliyekosa adabu. Lakini katika vichaka vya Brightling msasi alisimama nje asione chochote, na mbwa mfupi kama huyo alimezwa na majani kabisa. Sauti yake ndiyo iliyomwambia bwana wake mahali alipo na upande anaoelekea. Wajuzi wa zamani walidai kwamba mlinzi hodari aliweza kutambua kwa sauti tu kama mbwa wake anafuata sungura au ndege.

Kipaji hichohicho kilichomwinua ndicho kilichomshusha baadaye. Desturi za uwindaji zilibadilika, watu wakataka mbwa mwenye mbio, anayezunguka uwanja mpana kwa haraka na kwa kimya. Springer na cocker walishika nafasi. Mbwa wa Sussex hafanyi haraka. Huenda polepole, hupekua kila kichaka, harudi nyuma na hachoki upesi. Lakini mashindano ya mbwa wa kuwinda hayakupangwa kwa ajili ya mwenda pole. Na katika mji, ambako jirani hutenganishwa na jirani kwa ukuta mwembamba, mbwa apendaye kupiga kelele hapati wanunuzi wengi.

WALIPOBAKI KUMI

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwezi wa Septemba 1939, watu wa Uingereza waliogopa mabomu na njaa, na katika siku chache za kwanza mamia ya maelfu ya mbwa na paka waliuawa na wenyewe kwa mikono ya madaktari wa wanyama. Kuanzia Januari 1940 chakula kiligawanywa kwa kadi, na mbwa wa nyumbani hawakuwa na kadi. Kuzalisha mbwa wakati huo kulionekana kuwa ni upuuzi, au hata uhaini kidogo. Kwa mbegu iliyokuwa na mbwa wengi hasara hiyo iliweza kufidiwa baada ya vita. Kwa mbegu ambayo hata kabla ya vita ilikuwa haba, ilikuwa ni kama kaburi limekwisha kuchimbwa.

Aliyezuia kufukiwa kwake ni mwanamke mmoja, Bibi Joy Freer, aliyewafuga mbwa wa Sussex tangu miaka ya 1920 chini ya jina la Fourclovers. Hakukubali kuwaua. Aliwalisha mbwa wachache aliokuwa nao kwa kila alichoweza kukipata, akawavusha miaka sita ya dhiki. Vita vilipokwisha hesabu ilifanywa, na mwaka wa 1947 ilisemekana kwamba spanieli wa Sussex waliosalia walikuwa 10 tu. Waswahili husema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Hapa ufuko ulikuwa mbali sana, na aliyewaonyesha ni Bibi huyo. Inasemwa bila kutia chumvi kwamba karibu kila mbwa wa Sussex aliye hai leo anatokana na mbwa wa banda lake.

Neno hilo la mwisho ni sifa kwa Bibi Freer, lakini kwa mfugaji ni neno la kutia wasiwasi. Mkulima yeyote mwenye ng'ombe anajua kwamba fahali asiachwe awapande binti zake. Akiachwa, robo ya damu ya ndama, kwa wastani, itakuwa ni ileile imerudiwa kutoka pande zote mbili, na kasoro zilizokuwa zimejificha hujitokeza: ndama dhaifu, majike yasiyoshika mimba, vifo visivyoelezeka. Mwenye ng'ombe ana dawa rahisi. Hununua fahali kwa jirani wa mbali au hutumia mbegu za fahali wa serikali. Mfugaji wa mbwa wa Sussex atakwenda kwa jirani gani, ikiwa majirani wote wana wajukuu wa mbwa walewale kumi?

Njia moja ni kuchanganya na mbegu nyingine. Jambo hilo lilijaribiwa katika miaka ya 1950, alipotumiwa spanieli aitwaye clumber, mbwa mzito mweupe aliye jamaa yake, ili kuongeza mifupa na kutuliza tabia. Wapo wanaoona kwamba jaribio la namna hiyo lingefaa kurudiwa, na wapo wanaosema kwamba ukichanganya mara nyingi utapata mbwa mzuri asiye wa Sussex. Wote wawili wana haki kwa sehemu. Lakini mwenye kutazama hesabu haoni haya kusema kwamba rangi ya dhahabu ya mbwa aliyekufa haina faida, na ya kwamba damu mpya kidogo, ikiingizwa kwa mpango na kuandikwa daftarini kwa uwazi, ni afadhali kuliko usafi unaoisha kwa utasa.

Njia ya pili imeletwa na sayansi. Kuna ugonjwa wa kurithi upatikanao kwa mbwa wa Sussex na wa clumber, ambao hufanya misuli ishindwe kupata nguvu kutokana na chakula. Mbwa hutembea hatua chache tu kisha huanguka. Kila mtoto hupokea sehemu moja ya urithi huo kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye sehemu moja mbovu haugui kamwe, walakini huibeba na kuipitisha kwa watoto. Wabebaji wawili wakikutanishwa, kwa wastani katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, wawili watakuwa wabebaji kama wazazi wao, na mmoja atakuwa salama kabisa. Siku hizi daktari huweza kupima mate au damu ya mbwa na kumjua mbebaji kabla hajazalishwa.

Hapo wengi hukosea. Wakisikia kwamba mbwa ni mbebaji, husema asizae tena. Kwa mbegu yenye maelfu ya mbwa shauri hilo halidhuru. Kwa mbegu yenye mbwa wachache ni sawa na kukata mwembe mzima kwa ajili ya tawi moja lililooza, maana pamoja na sehemu ile mbovu hutupwa pia mema yote ambayo mbwa yule peke yake huenda akawa anayo. Shauri la wenye ujuzi ni kwamba mbebaji aozwe kwa mbwa aliye salama. Hakuna hata mtoto mmoja atakayeugua, na nusu yao, kwa wastani, watazaliwa bila ila. Hao ndio watakaochaguliwa kuzaa baadaye. Kwa njia hiyo kasoro huondolewa pole kwa pole, bila kupunguza kundi.

Moyo nao huhitaji kuangaliwa. Baadhi ya watoto wa mbegu hii huzaliwa na mshipa mdogo karibu na moyo ambao, kwa mtoto aliye tumboni, una kazi yake, na ambao ulipaswa kufungika baada ya kuzaliwa lakini haukufungika. Daktari huusikia kwa kipimo chake cha masikio, na ukigunduliwa mapema huweza kufungwa kwa upasuaji.

TABIA

Mbwa wa Sussex ana mikunjo juu ya macho, hata huonekana kama mzee aliyeletewa kesi ngumu. Wageni humdhania ana huzuni au ana hasira. Mkia wake husema vingine, kwani hautulii. Ni mbwa mpole kwa watu wa nyumbani na mvumilivu kwa watoto, na mara nyingi hujiunga na mtu mmoja zaidi kuliko wengine, akamfuata kutoka chumba hata chumba. Mgeni akija humtangaza kwa kubweka, lakini asitegemewe kuwa mlinzi wa mali. Mwizi mwenye kipande cha nyama huweza kufanya naye urafiki.

Hapendi kuachwa peke yake. Akifungiwa nyumbani kutwa hulia kwa sauti ndefu, na majirani watakuja kulalamika. Karani atokaye alfajiri na kurudi jioni, asiye na mtu nyumbani, asimchukue mbwa wa namna hii hata akipewa bure.

Ana ukaidi. Hatendi jambo kwa sababu ameamriwa, bali kwa sababu ameona lina maana, na hupenda kufikiri kwanza. Mwenye haraka hushindwa naye. Kumpiga hakusaidii hata kidogo, maana yeye hakumbuki kosa bali hukumbuka fimbo, naye huweza kununa kwa siku nzima na kukataa kazi. Afundishwe tangu ana wiki nane au kumi, kwa vipindi vifupi, kwa sauti ya upole na kipande cha chakula, na amri iwe ni moja kwa watu wote wa nyumba. Baba akisema njoo na mama akisema hapa, mbwa mkaidi hupata udhuru wa kutokwenda kwa yeyote.

Mwezi wa Februari 2009 mbwa mmoja wa mbegu hii aliufurahisha ulimwengu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Stump, maana yake kisiki. Alikuwa amestaafu katika maonyesho miaka kadhaa, baada ya kuugua sana mwaka wa 2004 hata akalazwa hospitali ya wanyama katika Texas siku 19, bila watu kutumaini kwamba atapona. Siku chache tu kabla ya maonyesho makubwa ya Westminster katika mji wa New York, bwana wake, Scott Sommer, aliamua kumpeleka. Stump alikuwa na umri wa miaka 10, na hakuna mbwa wa umri huo aliyewahi kupata ushindi wa juu pale. Aliingia uwanjani kwa mwendo wake wa kuyumba, akasimama miongoni mwa mbwa vijana waliopambwa, akawashinda wote. Alifariki mwaka wa 2012. Waliodhani kwamba ushindi huo utafanya kila mtu atake mbwa wa Sussex hawakupata walichotazamia. Watoto hawakuwapo wa kutosha kuuzwa, na pengine ilikuwa heri, kwa sababu mbegu inayotakiwa ghafla na watu wengi huharibiwa upesi na wazalishaji wenye tamaa.

UTUNZAJI

Chakula chake kisizidi. Huyu ni mbwa mlafi mwenye mwili mzito na miguu mifupi, na kila ratli ya mafuta huongezwa juu ya uti wa mgongo mrefu ambao tayari una kazi nzito. Mbavu zake zisionekane, lakini mkono ukipitishwa ubavuni zipatikane bila kutafutwa. Mtoto asiruhusiwe kuruka kutoka juu ya viti wala kupanda na kushuka ngazi mara kwa mara mpaka mifupa yake iwe imekomaa. Mkubwa apewe matembezi kila siku, si ya mbio. Kwa kuwa ana manyoya mazito, jua la mchana humchosha. Atembezwe asubuhi na jioni, apate kivuli, na maji yasikose.

Masikio ndiyo yanayohitaji macho ya mwenyewe kuliko kitu kingine, kwa huyu na kwa spanieli wote. Sikio limefunikwa na ngozi nzito yenye manyoya, hewa haipiti, unyevu haukauki, na katika joto na giza hilo ukungu na vijidudu hustawi. Dalili ya kwanza ni mbwa kutikisa kichwa mara nyingi au kukiinamisha upande mmoja. Kisha hujikuna, na sikio hutoa harufu mbaya na uchafu wa rangi ya kahawia. Aliyengoja mpaka aone usaha amechelewa. Kila wiki sikio ligeuzwe, litazamwe kwenye mwanga, na lipanguswe kwa pamba iliyotiwa dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, mpaka pale tu kidole kinapofika. Kijiti kisiingizwe hata kidogo. Akitoka majini akaushwe chini ya masikio, na nywele zinazoota upande wa ndani zipunguzwe ili hewa ipite. Masikio hayo marefu pia huangukia katika bakuli wakati wa kula, kwa hiyo wenye busara hutumia bakuli lenye mdomo mwembamba.

Katika nchi zenye nyasi ndefu na kupe, kama nyanda za Kenya, mwenye spanieli yeyote ana kazi ya ziada. Mbegu kali za nyasi hunasa katika manyoya ya masikio na baina ya vidole, kisha huchoma ngozi na kuingia ndani, zikasababisha jipu lisilopona mpaka mbegu itolewe. Kupe hupenda kujificha chini ya sikio na kwapani, mahali ambapo mbwa mwenye nywele fupi angeonekana mara moja. Atazamwe kila jioni kwa vidole, si kwa macho tu. Sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa ni wajibu kwake kama ilivyo kwa mbwa wa kawaida wa boma.

Manyoya yachanwe mara mbili kwa wiki, hasa nyuma ya masikio, kifuani na miguuni, ambako husokotana. Asinyolewe kwa mashine. Rangi ya dhahabu imo katika ncha za nywele, na ncha zikikatwa huchukua muda mrefu kurudi. Macho yapanguswe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kwa kuwa kope za chini hulegea kidogo na kukusanya vumbi. Kuhusu mkia, zamani ulikatwa kwa desturi. Tangu Aprili 2007 sheria ya England imekataza jambo hilo, isipokuwa kwa watoto wa mbwa wa kazi waliotimiza masharti na kukatwa na daktari wa wanyama, na sasa wengi huonekana na mikia yao mizima, yenye manyoya ya kupepea.

Uzazi ndio mlango mwembamba kuliko yote. Majike wengi hupandwa wasishike mimba. Wakishika, huzaa watoto wachache, na mara nyingi hulazimu kupasuliwa tumbo na daktari. Mama ni mzito na si mwepesi wa kugeuka, hata huweza kumlalia mtoto asijue. Kwa hiyo mfugaji hulala kando ya banda kwa usiku kadhaa, na kila asubuhi humpima kila mtoto kwa mizani na kuandika. Mtoto asiyeongezeka uzito siku mbili mfululizo hupewa maziwa kwa chupa. Gharama za daktari, za vipimo na za usiku huo mara nyingi huzidi bei ya watoto, na mtu anayetafuta faida hawezi kudumu katika kazi hii hata miaka mitatu.

Ndiyo sababu mnunuzi hawezi kwenda sokoni akarudi na mbwa wa Sussex kamba mkononi. Huandika barua kwa mfugaji, huulizwa maswali juu ya nyumba yake, kazi yake na ua wake, kisha jina lake huwekwa katika orodha. Naye ana haki ya kuuliza: vyeti vya vipimo vya wazazi wote wawili viko wapi, moyo wa mtoto umesikilizwa na daktari gani, na babu zao wanarudiwa mara ngapi katika nasaba. Mfugaji mwema huleta karatasi zote mezani kabla hajaombwa. Asiyezileta aachwe, hata kama mtoto aliye mkononi mwake ana rangi nzuri kama ya dhahabu yenyewe. Kungoja kwaweza kuwa mwaka mmoja, hata miwili, kwa sababu huenda jike aliyetazamiwa hakushika mimba, au alizaa watoto wawili tu na wote wakahifadhiwa kwa ajili ya kuendeleza mbegu.